Pipa la Angani na Wakwe wa Woolwich

Jumatatu, 6 Oktoba

Wakwe wanakuja Jumamosi. Ukoo wa Gires, kijana anayemposa Keren, kutoka Woolwich. Viti nimeazima kanisani. Sombe, majani ya muhogo, nimenunua dukani kwa Firoz — ya barafu, imesagwa kama uji, lakini nitafanyaje. Keren ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe. Akiolewa ataolewa kwa adabu. Sitaki kusikia Woolwich nzima ikisema nyumba hii haina mkubwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nina hasira. Keren anasema chombo cha angani kinachobeba mizigo ya kazini kwake kimecheleweshwa kurushwa na upepo. Kilikuwa kifike kwenye kituo cha angani kesho. Sasa ni Jumamosi mchana — saa ileile ya wakwe! Ndani kuna kisanduku cha maabara yao, nyama hai ya misuli, wanatafuta dawa ya watoto wasioweza kutembea. Zamu ya kukichunga kwenye kompyuta ni yake.

Badilisha zamu, nikamwambia. Akajibu kwa Kiingereza chake kwamba haiwezekani. Basi hicho chombo kipige hodi kiingie! Hakiingii, anasema. Kinasogea karibu, kinazima injini, kinatulia, halafu mkono mrefu wa chuma unakuja polepole kukishika. Ukikigusa vibaya kinasukumika, kinakwenda zake.

Kule Bukavu nilikamata kuku kwa mkono mmoja, mtoto mgongoni. Hawa, na masomo yao yote!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia Papa Alexis, baba mdogo wa Gires, ndiye msemaji wao. Tusogeze saa kidogo, nikaomba. Akacheka. Tangu lini binti anayeposwa akawa na kazi mbinguni? Nikamkatia simu. Kisha nikampigia tena, nikaomba radhi. Mimi. Kwa ajili ya Keren.

Sisemi na Keren.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bado sisemi naye. Nimepika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika bafuni, mlango nimefunga. Nikibaki sebuleni nitamtukana mtu.

Wamekuja na vitenge vya sare. Wamekula. Keren yuko jikoni na kompyuta yake, kavaa vizuri, hereni zangu masikioni. Na Gires, badala ya kukaa na wazee wake, amesimama nyuma yake ameshika chaja. Bwana harusi jikoni!

Papa Alexis akasema wakati umefika, binti atoke, aulizwe mbele ya wote kama anawajua hawa wageni. Akikubali, mambo yanaendelea. Akikaa kimya, wanabeba zawadi zao wanarudi. Ndiyo desturi. Hata mimi niliulizwa hivyo.

Nikaenda kumwita. Kwenye kioo cha kompyuta, pipa kubwa jeupe, ndicho hicho chombo, limetulia, linapigwa na jua. Mkono wa chuma uko karibu kabisa nalo. Umesimama. Kuna kitu hakijakaa sawa, wanakagua. Nikamnong'oneza: nenda useme ndiyo, urudi. Hakugeuza hata shingo.

"Koko, ngoja."

Koko, yaani bibi, ndivyo anavyoniita, lakini siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Leo Kiswahili, na kwa sauti.

Papa Alexis akasikia. "Mama, mjukuu wako anatuambia tungoje, au masikio yangu yamezeeka?" Mke wake, akichungulia jikoni, akaongeza kwamba labda ni huo mkono wa chuma ndio umekuja kuposa. Wakacheka wote.

Hasira juu ya Keren nilikuwa nayo wiki nzima. Sijui ilivyogeuka njia, nikamjibu Papa Alexis:

"Umesikia vizuri, Papa. Mngoje. Sombe yangu mmekula mkamaliza, hakuna aliyewafukuza. Kaeni."

Papa Alexis akasimama. Akachukua kofia yake. Nikaona nikiongeza neno nitaharibu kabisa, ndipo nikaja huku.

Sijui kama pipa limeshikwa. Sijui kama wakwe wameondoka. Hereni zangu je, ziko sebuleni au bado jikoni?

Mtu anagonga mlango, taratibu.

Angoje. Pipa lingojewe, mimi nisingojewe?