Viti Viwili kwa Wenye Nywele

Tarehe 12 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na huko sokoni wateja wanachagua nguo bila kuvuruga meza. Mimi huku sijambo, ni baridi tu inanionea.

Nina habari, kaa kwanza. Wale Wenye Nywele, bendi ya baba ya kwenye kanda, wanafanya ziara ya mwisho, dunia nzima, kisha wanatundika magitaa. Na mji wa kufungia ziara ni huko kwetu. Sitanii mama. Ni uwanja ule ule wa nyuma ya soko, ulikokuwa ukinifuata na fimbo nikichelewa kurudi kwenye mpira. Tarehe 30 Agosti.

Kazi yangu unaijua, ingawa jina lake hulipendi. Tiketi zikianza kuuzwa, mimi na mwenzangu wa chumba tunakuwa tumeshakaa mbele ya kompyuta, chai imepoa pembeni. Tunanunua viti kabla wengine hawajajua dirisha limefunguliwa, halafu tunawauzia waliochelewa. Ziara hii nimenunua miji yote, na wa kwetu pia. Ila waandaaji wa huko wanatoa tiketi za karatasi tu, na wanazipeleka kwa anwani ya mjini hapo hapo. Nimewaandikia anwani yako.

Kwa hiyo mama, umeajiriwa. Usiuze mapema, bei inapanda siku zikikaribia. Usitenganishe viti vilivyopakana, maana kiti kimoja hakina mnunuzi, watu hawapendi kwenda kwenye muziki peke yao. Na usisubiri mpaka waanze kupiga. Gitaa la kwanza likishalia ndani, tiketi iliyobaki mkononi ni karatasi ya kufungia karanga.

Nimekukumbuka mno. Wasalimie majirani wote, hata yule wa mlango wa bluu.

Mwanao,
Kijiti

*

Tarehe 9 Februari

Kwa mwanangu Kijiti,

Marahaba baba. Mimi sijambo, goti ndilo lina mambo yake, likiamka vibaya na mimi siku yangu imeharibika. Unakula? Usinijibu "nakula mama" kama kawaida yako. Niambie unakula nini.

Tiketi zimefika. Mtu wa pikipiki alipiga hodi mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Wa mlango wa bluu akauliza umeletewa nini, nikamwambia viti. Akatazama mlangoni, akatazama nyuma ya pikipiki. "Viti vyenyewe viko wapi?" Nikamwambia viko uwanjani. Tangu siku hiyo ananiongelesha polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Mwanangu, marehemu baba yako alikuwa akisikia mlanguzi wa sukari anazima redio. Leo amezaa mlanguzi wa viti. Kama anatusikia, basi anacheka.

Na wewe kunifundisha mimi nisiuze mapema! Nilianza kufungua mabelo ya mitumba hujaota jino. Lakini umesahau sheria ya meza yangu. Katika kila belo kuna nguo moja haiuzwi. Ile iliyo bora kuliko zote inakwenda chini ya meza, ni ya nyumbani. Wewe umekua ukivaa nguo za chini ya meza. Basi na belo lako hili nimelifungua, nimelipekua, nimechagua. Vile viti viwili vya mbele, vilivyopakana, vya pembeni mwa njia, haviuzwi. Kimoja changu. Cha pili chako.

Unaukumbuka wimbo wa kupimia? Juzi nilipiga mluzi wake nikifagia, fundi viatu wa jirani akaudakia. Kumbe mtaa mzima bado tunao.

Utakuja?

Mamako

*

Tarehe 15 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Nakula wali, mayai, na siku nyingine mkate nikiwa nimesimama. Umeridhika?

Mama, vile viwili ndivyo belo lenyewe. Ndivyo vitakavyotafutwa wiki ya mwisho kama maji ya mvua jangwani. Usiviweke chini ya meza, tafadhali. Biashara haina mama wala mwana.

Wimbo wa kupimia nitausahau vipi? Kila redio iliyoingia kwa baba imekufa, akishachomelea waya alikuwa anatumbukiza kanda ile ile ya Wenye Nywele, wimbo ule ule. Ukitoka safi kuanzia gitaa hadi ngoma, anapiga meza kofi moja na kusema, "Imepona." Mimi nilikuwa nikitoka shule najua kutoka kona ya duka kama leo kuna redio iliyopona.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Sijawahi kuwaona. Nimewauza kila mji na sijaingia hata mmoja. Mlanguzi anabaki getini mpaka tiketi ya mwisho iondoke, na ikiondoka, naye hana ya kuingilia. Wakifika kwenye wimbo wa kupimia mimi niko nje, nimeegemea ukuta. Maneno hayapiti. Inapita ngoma tu na lile gitaa zito, kama nilivyokuwa nausikia baba akiwa amefunga mlango wa chumba cha kazi. Wenzangu wanahesabu mauzo. Mimi nasimama hapo mpaka uishe.

Kuja, tutaona. Miji mitatu imebaki kabla ya huko. Nikishaiuza hiyo.

Mwanao,
Kijiti

*

Tarehe 2 Mei

Kwa mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mvua zimeniletea wateja wa makoti.

Nimeuza, bosi wangu. Pea ya kwanza kachukua daktari wa meno na mkewe. Ya pili kachukua mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyekuwa anakutoa nje kwa kupiga ngoma juu ya dawati. Akauliza habari zako. Nikamwambia wewe ndiye unayemuuzia kiti. Akacheka mpaka akavua miwani. Ya tatu walikuja wachumba, wakabishana bei mbele yangu, wakabishana wao kwa wao, nikadhani uchumba unavunjikia mezani pangu. Mwisho walinunua, wakaondoka wameshikana mikono.

Vile viwili vimekuja kuulizwa na mtu wa magari, amevaa saa kubwa kama sahani. Akataja bei, nikakataa. Akapandisha, nikakunja suruali. Akapandisha tena, nikamwambia, baba, tiketi hizi zina mwenyewe. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Hapo nikamuuzia shati.

Mwanangu, barua yako ya ukutani nimeisoma nikaikunja, nikaifungua tena. Umezoea kukaa nje ya mageti, mpaka la kwenu unaliona kama la watu. Kila ziara unaniambia ikiisha hii. Zimekwisha ngapi? Sitaki fungu langu la mauzo, sitaki zawadi. Nakutaka wewe. Nataka nikuone unaingia mlangoni na viatu vichafu nikugombeze.

Mamako

*

Tarehe 6 Juni

Mama,

Shikamoo. Fupi hii, nataka iwahi posta. Nakuja. Nimenunua tiketi ya ndege. Umesikia? Mimi, kununua tiketi ya kutumia mwenyewe! Mwenzangu wa chumba amenipa mkono wa pole.

Nitafika siku mbili kabla ya onyesho. Usimwambie shangazi, ataleta ukoo mzima uwanja wa ndege. Viweke viti.

Mwanao,
Kijiti

*

Tarehe 1 Julai

Kwa mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba, marahaba! Nilisomea barua yako sokoni, nikampa mteja chenji mara mbili.

Shangazi sijamwambia. Wa mlango wa bluu amejua, lakini huyo hajaambiwa, huyo anajua tu.

Chumba cha baba yako nimekifungua, nimepiga vumbi. Meza yake iko vile vile, bisibisi zimepangwa kwa urefu. Kitanda chako nitakiweka humo, dirisha la huko lina hewa. Na belo la wiki iliyopita limetoa koti la ngozi, jeusi, halina mkwaruzo, kama lile walilovaa Wenye Nywele kwenye jalada la kanda. Limekwenda moja kwa moja chini ya meza. Tatizo ni kipimo. Nililishika nikasimama nalo muda mrefu. Ulipoondoka ulikuwa kijiti kweli. Sasa sijui una mabega ya namna gani. Mama mzima, fundi wa kukadiria mtu kwa jicho tu, na mwili wa mwanangu siujui. Nimekisia kubwa.

Hao Wenye Nywele nimeona picha yao kwenye bango. Wamebaki na upara! Wawili wana miwani ya kusomea. Tumezeeka wote, basi.

Njoo salama.

Mamako

*

Tarehe 14 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Wameongeza onyesho moja huku, siku mbili kabla ya lile la huko kwetu. Halikuwepo kwenye ratiba. Kila mlanguzi wa bara hili anakuja huku, na mwenzangu hawezi kusimama geti mbili peke yake. Tiketi ya ndege nimeirudisha. Nitakuja baadaye, mambo yakitulia.

Viuze vile viwili. Siku yenyewe, getini, kabla ya gitaa la kwanza. Hakuna saa bei inakuwa juu kama hiyo. Angalau upate kitu.

Nisamehe.

Kijiti

*

Tarehe 3 Septemba

Kwa mwanangu Kijiti,

Mimi mzima. Sijakuandikia mapema kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa natukana.

Nilikwenda getini kama ulivyoniagiza. Nilivaa gauni la bluu, tiketi mbili mkononi, lile koti la ngozi begani. Nikasimama na walanguzi wenzako. Walinipisha nafasi, mmoja akanitafutia ndoo ya kukalia. Watu walinijia mbio, pea, mama, una pea? Nikawa naziangalia zile karatasi kama mtu hajui kusoma. Yule wa saa kubwa alikuja pia. Alitaja bei hata wenzako wakageuka. Mdomo wangu ulifunguka nikubali, kwa kuwa ndivyo ulivyotaka. Nikasikia sauti yangu inasema zina mwenyewe.

Nikabaki hapo, geti linapungua watu. Nilikuwa nakungoja, Kijiti. Nilijua huji, barua yako ninayo, na bado kila mwembamba aliyekata kona nilimwangalia miguu. Halafu gitaa la kwanza likalia ndani. Walanguzi wakavunja mkutano, wakaondoka. Kwao zilikuwa zimekwisha kuwa karatasi. Mimi nikainuka kwenye ndoo, nikaingia.

Walichana ya kwangu mlangoni. Ya pili nilikataa isichanwe.

Kwenye kiti chako niliweka koti. Dada mmoja aliuliza kama pana mtu, nikamwambia pana mtu. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Hao hawakuuza mitumba mezani pangu. Lako lipo.

Waliupiga. Wimbo wa kupimia waliuweka karibu na mwisho, na walipouanza niliona watu wa mtaa wetu wanasimama huku na huku, fundi viatu, mwalimu mkuu, wa mlango wa bluu ambaye sijui kaingia na tiketi ya nani. Wote tuliujua kupitia ukuta wa baba yako. Mwanangu, una maneno! Kanda ile ilishachakaa, miaka yote nilidhani pale katikati anaguna tu, kumbe anaimba. Ulipokwisha nikapiga kofi moja kwenye mkono wa kiti, nikasema, "Imepona." Nikalia mpaka yule dada akanishika bega.

Sasa nisikilize. Onyesho la ziada naliamini, ila si hilo lililokuzuia kuja. Nilikuandikia nimefungua chumba cha baba yako, na barua iliyofuata ukawa huji. Hukuwepo tulipomzika, na unaogopa kuiona ile meza haina mtu. Na mimi naiogopa. Naipita kila asubuhi. Nimetundika koti lako kwenye kiti chake ili pasiwe patupu sana.

Nakutumia tiketi yako. Haijachanwa. Sikuandikii tena kukuomba, nimeshasema yote niliyonayo.

Mamako

*

Tarehe 27 Novemba, mchana

Mama,

Shikamoo. Barua hii haikupita posta, inaletwa hapo mezani kwako na wa mlango wa bluu, ambaye amekataa kabisa nikufuate sokoni. Anasema ukiniona ghafla katikati ya mabelo utaanguka, na nguo zitaibiwa.

Nimebisha hodi, pamefungwa. Nimezunguka nikachungulia dirisha la chumba cha baba. Koti nimeliona. Nadhani litanibana kidogo mabegani, lakini nitalivaa hivyo hivyo. Meza nimeiona pia. Nimesimama hapo dirishani, nimeupiga mluzi wimbo wa kupimia wote, mpaka pale unaposema kuna maneno. Utanifundisha.

Sasa nimekaa nje ya mlango, viatu vichafu. Kukaa nje nimezoea. Ila leo nina tiketi, na haijachanwa.

Usikimbie, mama, goti. Funga meza taratibu, njoo unifungulie.

Mwanao,
Kijiti