Ng'ombe Walioandikwa kwa Jina la Papa

Burungu, karibu na Kitshanga
Teritware ya Masisi
Tarehe 2 Septemba 1957

Mpendwa kaka yangu Athanase,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu kilimani, mahali ambapo mvua imeanza mapema na matope yamefika mpaka mlangoni. Habari ya afya yako? Wifi yangu Céline hajambo? Mtoto ameota meno mangapi? Sisi wote tuko wazima, namshukuru Mungu. Mguu wa Mama bado unamsumbua asubuhi, lakini akishaingia shambani anausahau, na sisi tunachoka kabla yake. Maharagwe yalitoka vizuri. Mihogo ya upande wa mtoni nguruwe wa porini wameila nusu, na mume wangu Evode anaapa kila siku kwamba atawategea. Mpaka leo hajawategea.

Picha yako ilifika. Mama ameiweka nyuma ya msalaba, na kila mgeni anaonyeshwa tai yako kabla ya kuonyeshwa uso wako. Védaste, jirani yetu, aliuliza kama siku hizi umekuwa mzungu. Nilimjibu kwamba wewe ni karani wa stoo tu, ila shingo yako imepata cheo.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya ninunue karatasi tatu. Mdogo wetu Edmond anakuja kwako. Atapanda kamyo ya mfanyabiashara mmoja anayepitia Walikale, na karibu tarehe ishirini ya mwezi huu atakuwa hapo kwako Stanleyville. Kutoka hapo atapanda meli kushuka mto hadi Léopoldville. Wamempokea université. Neno hilo nimeliandika polepole, na nimeliangalia tena baada ya kuliandika. Mtoto wa nyumba yetu, aliyekuwa akilia akipelekwa kuchota maji!

Lakini namna alivyopata ndiyo ninayotaka uijue, kwa kuwa inamgusa baba yetu, Papa, na inakugusa wewe.

Unakumbuka mwaka wa 1948, Mzee Mbonigaba wa Kitshanga alipomkabidhi Papa ng'ombe wake awachunge. Ulikuwa mwaka wa nne shuleni, wa kwanza darasani, na Papa akakutoa ili uwafuate malishoni. Miaka miwili baadaye uliondoka, na pale kwenye mlango wa zizi ukasema Papa anapenda ng'ombe za watu kuliko watoto wake. Tangu siku ile hujarudi. Mimi nilikuwa nimebeba kuni, nikasikia. Sikukulaumu. Nikuambie kweli, hata mimi niliwaza hivyo miaka mingi.

Edmond alipomaliza koleji ya Bukavu, alipata kazi ya kufundisha kule Walikale. Walimu wake wa zamani wakamwandikia aombe nafasi Léopoldville. Akauliza tutalipa na nini. Wakamjibu kwamba kuna bourse, msaada kwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo, ila lazima ajaze karatasi inayoeleza mali ya baba. Alituma ombi akijua kwamba bila bourse hata nauli ya meli hatuiwezi. Mimi ningeogopa kuomba. Yeye aliandika kwa mwandiko ule wake mzuri kama uzi wa kushonea, akabandika stempu, akarudi kufundisha.

Ile karatasi ya mali alikuja kuijaza Kanyamibwa, karani wa ofisi ya teritware, Jumapili baada ya Noeli, Edmond akiwa nyumbani kwa likizo. Watu walikuwa wametoka misa. Wanaume wamekaa uani petu na mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, mrija unazunguka. Na ng'ombe walikuwa wanarudi kunywa maji, wote kumi na mmoja, wanang'aa. Kanyamibwa akamuuliza Papa, mbele ya watu, kama ana ng'ombe.

Unawajua wanaume wa kwetu. Mtu anaweza kukubali kwamba hana viatu, hana shamba, hana hata meno. Lakini kusema hana ng'ombe, mbele ya wanaume wenzake, uani kwake, na ng'ombe wako pale wanamlamba mkono? Papa alinyoosha fimbo akasema ni hao. Kanyamibwa akawahesabu kwa kalamu, jambo ambalo mtu mwenye adabu hafanyi, akaandika.

Kila mtu pale alijua ni ng'ombe wa Mbonigaba. Hakuna aliyefungua mdomo, maana kumkanusha mzee kuhusu ng'ombe nyumbani kwake ni kumvua nguo. Edmond mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Papa. Aliwaangalia ng'ombe, kisha akaiangalia kalamu.

Jibu lilifika misheni baada ya Pasaka. Edmond alikuja tena likizo, amebeba chupa ya mawese kutoka Walikale, akatusomea barua ile ya Kifaransa huku akiigeuza kwa Kiswahili. Amepokelewa, lakini bourse hakupata. Akasema walioomba ni wengi mno. Mama aliinama.

Kesho yake Papa alimwambia aisome tena. Edmond akasoma, na safari hii akasema fedha za mwaka huu zimekuwa kidogo. Papa hajui hata herufi moja, lakini aliweka kidole juu ya karatasi.

"Jana ilisema batu ni wengi," akasema. "Leo inasema makuta ni kidogo. Barua moja haiwezi kuwa na midomo mbili. Soma vile iko."

Ndipo Edmond akasoma vile ilivyo: baba ana ng'ombe kumi na mmoja, kwa hiyo anaweza kumlipia mtoto wake. Kaka, alikuwa tayari kupoteza université kuliko kumwonyesha Papa kosa lake. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, nikajiuliza mimi nina moyo gani, niliyekuwa nimeshaandaa maneno makali ya kumwambia mzee.

Siku mbili Papa alikaa zizini na ng'ombe mpaka giza. Usidhani alikuwa anafikiria aibu peke yake. Alijua kitu kingine, na Mama alinieleza baadaye. Mwenye ng'ombe akisikia kwamba ng'ombe wake wameandikwa ofisini kwa jina la mtu mwingine, hawezi kuwaacha kwa huyo mtu hata siku moja, wawe marafiki namna gani. Papa angesema kweli, zizi lingebaki tupu. Maziwa yangeisha, na samadi ya shamba. Na yule ndama jike ambaye Mbonigaba alimwahidi kwa kazi ya miaka yote hii, angemkosa.

Siku ya tatu alifua koti lake, akatembea mpaka Kitshanga kumwambia Mbonigaba yeye mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Kisha akamwomba Kanyamibwa aje tena. Karani alimwambia apite ofisini tu, yatamalizika kimya kimya. Papa alikataa. Alitaka iwe Jumapili, uani, na wanaume walewale, na akaagiza Mama apike kasiksi ileile.

Basi walikuja, na Mbonigaba naye akaja, akavua kofia. Papa hakukaa. Sikuwahi kumwona amesimama wakati wageni wanakunywa.

"Siku ile muliniuliza ngombe, nikasema njo zangu," akasema. "Haziko zangu. Ziko za Mbonigaba, mimi niko namuchungia tu. Andika ya kama mimi Sebarenzi sina ngombe hata moja."

Mrija ulisimama. Nilisikia kalamu ya Kanyamibwa ikiandika. Mbonigaba akatia kidole gumba kwenye wino, Papa naye akatia chake, na hakuna mtu aliyecheka. Védaste, ambaye hucheka hata kwenye matanga, alisimama akampa Papa kiti chake mwenyewe.

Kesho yake wachungaji walikuja kuwachukua. Mbonigaba alikuwa na huzuni, hilo lazima niliseme, lakini aliwachukua wote. Papa aliwasindikiza mpaka kwenye kijito, akimwita kila mmoja kwa jina. Aliporudi akachukua jembe.

Jibu la pili lilikuja mwezi wa nane. Edmond amepata bourse nzima, chakula na kitanda. Alipolisoma, Papa alimwambia alisome mara ya pili, na maneno yakawa yaleyale. Ndipo akacheka.

Kaka, nimeishi na mzee huyu miaka ishirini na saba, na sasa ndiyo nimeanza kumjua. Namheshimu mpaka nashindwa kumwangalia anapokula. Edmond akifika, mpe sehemu ya kulala na umpeleke mwenyewe mpaka kwenye meli. Usimwulize habari ya ng'ombe, atakuambia akitaka. Na ukiweza mnunulie viatu, maana alivyo navyo ni vya Evode, vinampwaya.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama huko kwenu mnapata ndizi za kupika. Evode anakusalimu. Binti yangu Dancille anamsalimu Céline, mke wa mjomba wake, ingawa hajamwona, na anaomba utepe wa nywele. Védaste anaisalimu tai.

Papa nimemwacha wa mwisho. Nilimuuliza nikuandikie nini kwa upande wake. Unajua kwamba miaka saba yote nikimuuliza hivyo huwa anasema nikuandikie salamu, basi. Safari hii alienda kwanza kuangalia zizi, ambalo Mama ameshapanda maboga ndani yake. Akarudi, akakaa karibu na karatasi hii kana kwamba wewe ndiwe uliyekaa hapa, akasema:

"Andikia Athanase ya kama ngombe zilienda. Sasa anaweza kuja."

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akufungulie njia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda siku zote na kukungoja,

Adelaïde