Bakteria wa Zizi la Mama

Jumanne, 8 Julai 2025
Majibu ya jenomu yametoka! Nimeyasoma nimesimama, chai ikapoa. Yule bakteria niliyemtoa kwenye udongo wa zizi la zamani la Mama ana jeni za kutengeneza dawa ya kuzuia mnyauko wa nyanya. Zote anazo! Nimempigia Mama papo hapo. Akauliza, huyo mdudu ni wa ukoo gani? Nikasema ndicho tulichokuwa tunasoma kwenye jenomu yake, herufi kwa herufi. Akacheka hadi simu ikakata.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeshuka basi Isaka, nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Nyanya zimeanza kunyauka upande wa bwawani. Mwaka jana Mama alizing'oa zote akilia. Safari hii nimemletea chupa ya bakteria wazima, ya majaribio. Ni hiyo moja tu. Kukuza wengine kunachukua muda, na mnyauko hausubiri. Nimemwambia kesho jioni tutamwagilia.

Ijumaa, 11 Julai
Jamani, Mama! Chupa haikuwepo dirishani nilipoiacha. Nimemkuta jikoni, uso unang'aa, sufuria iko motoni inatokota. Kaichemsha! Eti maji yenye bakteria hayatumiki bila kuchemshwa – si nilimfundisha mwenyewe? Kweli. Tangu homa ya matumbo imchukue Baba, nilimkazania kila likizo, mpaka nikawa kero.

"Nimeyachemsha sana, Melania," kasema. "Hata miche isiumwe tumbo."

Hawa wangu moto hawauwezi. Wamekufa wote. Nimesema asante, Mama. Nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikacheka, kisha nikalia. Nitamwambiaje? Akijua ni mkono wake, hatajisamehe.

Ijumaa hiyohiyo, jioni
Nilitaka kumwambia wakati wa chakula. Nikashindwa. Akaingia jirani, Mama Masalu, na ndoo – kaambiwa nimeleta dawa, naye aonjeshwe kidogo kwa nyanya zake. Mama kamgawia nusu! Hana choyo huyu mwanamke, ndiyo balaa lenyewe.

Sasa yuko shambani na kikombe. Anainama kila mche, anamimina taratibu, anawaamkia bakteria kwa Kisukuma kama wageni waliotoka mbali. Mwadila, mwadila. Karibuni, kaeni. Moyo unaniuma kwa kumpenda.

Nimesimama kwenye tuta na daftari. Kaniona. Ananinyooshea kikombe, eti nije niwasalimie, mimi ndiye ninayewajua –