Nilimficha mkwe wangu barua zilizoletwa na tovuti yake

Mpendwa Mshauri, sijui nikuamkie au nisubiri uniamkie, maana maandishi hayaonyeshi umri, ila mimi nina miaka sabini na tisa na daktari ameniambia kwa upole kwamba moyo wangu umetanuka na hakuna la kufanya zaidi ya vidonge, kwa hiyo naomba nisaidiwe mapema kuliko wasomaji wako wenye matatizo ya ndoa, ambao wanaweza kungoja Jumamosi nyingine.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na minne, Mkumbi na kwingineko, na sasa naishi hapa Mbinga mjini na Devotha, mjane wa mwanangu wa kwanza. Ndiye anayenipikia uji na kunishika mkono kwenda uani. Riziki yake ni bidhaa za kampuni moja ya Dar es Salaam, sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kuchua viungo, ambazo anaziuza hapa hapa barazani, na mara moja kwa mwezi anateremka ziwani hadi Kihagara na mzigo wake na kurudi na usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani. Ana utaratibu ambao hakufundishwa na mtu, kwamba kila bidhaa mpya anaitumia mwenyewe wiki mbili kabla hajaiuza, na mtu ambaye haimfai anamwambia wazi, "Mama, hii usinunue, itakuchubua." Nimemsikia akipoteza wateja watatu kwa asubuhi moja, na wote watatu wakarudi wiki iliyofuata kununua kitu kingine.

Mwaka juzi alikuja kutoka Songea kijana wa kampuni, jina lake Ignatio, tai nyekundu na viatu ambavyo vumbi la Mbinga lilikuwa halijaviona, akamwambia, "Dada Devotha, wenzako wa Njombe na Iringa wote wana tovuti zao. Wewe utauzia majirani mpaka lini?" Akaeleza kwamba kwa ada ya mwaka Devotha atakuwa na ukurasa wake kwenye intaneti, wenye picha yake, na dunia nzima itamwona.

Mshauri, tangu biashara iwe huria nimeona wanunuzi wa kahawa wakipanda kwetu na mizani zao wenyewe, nimeona mbolea ya mfuko mzuri ambayo haikuotesha hata magugu, kwa hiyo mtu mwenye tai akinitajia dunia nzima nauliza maswali. Nikamuuliza, "Mtu akitaka sabuni huko aliko, ujumbe wake unakwenda kwa nani?"

Akacheka. "Unakwenda kwenye kompyuta, mzee wangu."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya kampuni. Kampuni ikishaupata inamjulisha dada."

"Na ikisahau?"

Devotha akaingilia, "Baba, wewe hata malaika Gabrieli ungemdai kitambulisho." Tukacheka wote, ila mimi sikuacha, nikaongozana nao hadi kafe ya intaneti iliyokuwa imefunguliwa karibu na stendi, na hapo Ignatio akatuonyesha ukurasa wa muuzaji wa Njombe, mama mmoja anayesema mgongo ulimsumbua miaka saba na sasa anacheza ngoma, halafu akafungua ukurasa aliomwandalia Devotha, na huko nako mgongo ulikuwa umesumbua miaka saba na sasa unacheza ngoma. Nikamgeukia mkwe wangu.

"Mgongo ulikuuma lini?"

"Haujawahi kuniuma, baba."

Ignatio akasema ni maneno ya kuvutia tu. Nikaomba kalamu. Nikaandika mwenyewe ukurasa ule kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba Devotha anauza kile alichokitumia wiki mbili, kwamba akikwambia hakikufai umsikilize, kwamba kila mwezi anafika Kihagara. Nikasisitiza ujumbe usiende kwa kampuni, ufike kwenye barua pepe yake tuliyomfungulia pale pale, na kwa kuwa yeye ni mtu wa mizunguko na mashine ile ilimtia woga, neno la siri nikabaki nalo mimi. Kila Ijumaa nilikuwa nachukua fimbo yangu na kwenda kafe kutazama.

Mpaka hapo nilikuwa mlinzi mwema. Ninachoungama kinaanzia wiki ya tisa, ilipoingia barua ya mwanamke aitwaye Edina, mzaliwa wa Kihagara, muuguzi Dar es Salaam, akieleza kwamba siku moja kwa kukumbuka kwao aliandika neno Kihagara kwenye kompyuta, na katika vichache vilivyotoka kulikuwa na picha ya Devotha. Aliandika hivi, nimeikariri: "Nimesoma kwamba unamwambia mtu ukweli hata kama hutauza. Mama yangu ni mzee, miguu imevimba, na mimi niko mbali. Naomba umpelekee sabuni na mafuta, umtazame, uniambie ukweli juu yake. Nitalipa kutoka huku. Tuko watu kumi na wawili wa mwambao wenye wazazi huko, tunataka mtu wa kuwafikia kila wiki. Kwa mama kuna chumba kitupu, ukihamia hutalipa kodi."

Ukihamia. Nililisoma neno hilo mara nyingi kuliko mengine yote. Kwanza nikajiambia ni Ignatio anajiandikia mwenyewe ili ada ya mwaka wa pili ilipwe, nikajiambia ni matapeli, na ili nijiridhishe nikamuuliza Devotha kwa kuzungusha kama huko Kihagara yuko mama mwenye miguu mibovu ambaye binti yake ni muuguzi. Akajibu bila kuacha kupepeta mahindi, "Bibi Marselina huyo, baba. Hana uwezo wa kununua, huwa nampa salamu tu." Kwa hiyo nilijua ni kweli. Siwezi kudai kwamba sikujua. Na bado sikumpa ile barua, wala ya pili iliyouliza kama ya kwanza ilifika, wala ya tatu iliyosema, "Labda una kazi nyingi, samahani kwa usumbufu." Nilimlipa kijana wa kafe akazichapa zote tatu, nikazitia ndani ya bahasha kubwa ya picha yangu ya eksirei, mahali ambapo hakuna anayepekua.

Ada ilipokaribia nikafanya baya zaidi. Familia yetu bado inakaa sengu, yaani ndugu wote tunakula pamoja kwangu, chungu kimoja, na baada ya kula kila mmoja anatoa lake na mkubwa anatoa neno. Humo mtu hadanganyi, ndivyo tulivyolelewa, na neno la mkubwa halirudiwi nyuma wala kupingwa. Devotha akauliza mbele ya wote, "Baba, wewe ndiye unayetazama. Tovuti imeleta mtu?" Nikasema, "Haijaleta hata mmoja." Mwanangu mdogo, Wendelin, akapiga goti lake kwa kiganja. "Nilisema mimi! Shemeji anataka kuuzia sabuni Wazungu!" Wakamcheka. Devotha akakusanya sahani, na ada hakulipa.

Mwezi uliopita alirudi kutoka ziwani akaniambia kwamba Bibi Marselina sasa anatambaa uani kwake. Na hapa nyumbani, wanangu wakija kuniona huwa wanasimama kwanza nje na kupima kiwanja kwa hatua, kwa sababu wanajua ninachokijua. Nikifa, Devotha hatakuwa na baraza la kuuzia. Nilichomficha ndicho kingemweka mjini au ziwani bila kumtegemea mtu. Kila tukienda hospitali ni yeye anayeibeba ile bahasha kwapani, barua zake mwenyewe zikiwa ndani, na njiani ananiambia, "Pole pole, baba."

Nieleze, je, niseme au niende nazo? Na pia, kwa kuwa nimekuwa mwalimu na nataka kujua hata sasa, tovuti ile ilikuwa na faida kwa mtu wa kuuzia nyumbani, au nilikuwa sahihi kuishuku?

Mzee wa Mbinga

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo, Mwalimu. Heshima yako nimekupa, sasa vumilia yatakayofuata.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ni jepesi na nadhani uliliweka mwisho ili likukinge. Ulikuwa sahihi kumshuku Ignatio. Ukurasa unaolipiwa ada kwa kampuni ni kibao cha kampuni chenye picha ya mkwe wako. Akiacha kuuza sabuni yao kesho, picha inafutwa, na mgongo wa yule mama wa Njombe unatafutiwa mwanamke mwingine. Muuzaji yeyote wa barazani anayesoma hapa ajiulize jina lililo juu ni la nani, ujumbe unaangukia mkononi mwa nani, na kama yeye mwenyewe anaweza kuufungua. Asipopata majibu, pesa yake abaki nayo.

Lakini huyo Edina hakuvutwa na kampuni. Alivutwa na sentensi zako tatu na tabia ya Devotha. Dunia nzima haikuja, Mwalimu, walikuja watu wa Kihagara walioko mbali na mama zao, na kwa muuzaji wa nyumbani hao wanatosha kabisa. Kwa hiyo ndiyo, ilikuwa na faida. Ilifanya kazi ndani ya wiki tisa, ikiwa na mlinzi mmoja tu aliyeizuia.

Ulimuuliza Ignatio kampuni ikisahau itakuwaje. Kampuni haikusahau. Wewe ndiye uliyepokea, ukasoma, ukachapisha kwa pesa yako, ukaficha. Ulipoulizia habari za Bibi Marselina ukapata jibu, shaka yako iliisha siku ile ile. Kilichobaki ni hofu ya mzee kuachwa peke yake na uji wake. Hofu hiyo naielewa, nami nina wazazi. Ungemwambia Devotha, "Mwanangu, naogopa ukihama," angekujibu kwa namna fulani, na jibu hilo lilikuwa haki yake kulitoa. Wewe ulimjibia. Halafu ukamwacha achekwe mbele ya shemeji zake kwa kosa ambalo hakulifanya.

Unauliza useme au uende nazo. Uende nazo wapi? Ukishazikwa, bahasha itafunguliwa na Wendelin akitafuta hati ya kiwanja.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii ukiwa bado unaweza kuketi. Asubuhi mwite Devotha peke yake, umpe barua zake tatu mkononi na umwambie ulichofanya, bila kutaja moyo wako wala vidonge, kwa sababu ukiutaja ugonjwa atalazimika kukuonea huruma kabla hajapata nafasi ya kukasirika. Mwache akasirike. Asipokuletea uji wa saa nne, kunywa maji.

Jioni itisha sengu. Ulidanganya pale, urekebishe pale pale. Kama huwezi kutoka, chungu kiletwe kando ya kitanda chako. Sema kwa sauti kwamba tovuti ilileta watu kumi na wawili na ni wewe uliyewazuia, na Wendelin amtazame shemeji yake usoni. Kwa kuwa neno lako halirudiwi, litumie mara moja kwa jambo jema, useme Devotha anakaa kwenye nyumba hiyo mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka, na uliandike mbele ya katekista na mwenyekiti wa mtaa, wote watie saini.

Kisha mpe neno la siri. Nenda naye kafe hata kwa kubebwa kwenye baiskeli, ukae kando, yeye ndiye abonyeze. Umefundisha watoto wa watu kusoma miaka thelathini na minne, utashindwaje kumfundisha mtu mzima mmoja kufungua barua yake? Amwandikie Edina siku hiyo hiyo na kumwekea namba ya simu. Ukurasa mpya autafute baadaye, kwa jina lake, asije mtu wa tai kumuuzia. Maneno unayo tayari.

Huenda atahamia ziwani. Usimwombe abaki, na usimwombe akuchukue. Akikuomba mwenyewe, hilo ni lake.

Wiki ijayo mna kliniki, na kama kawaida atataka kukubebea bahasha. Ibebe wewe mwenyewe, Mwalimu. Itakuwa nyepesi, ina picha ya moyo wako tu.