Mke wa Ukumbi wa Likoni

Likoni, 10 Julai 1959

Binti ami yangu Mwanasaumu,

Salamu zinafuata, kwanza tangazo. Kwa heshima na taadhima naujulisha ukoo wetu wote, wa Vanga na wa Likoni, walio hai na waliotangulia, kwamba mimi Faki bin Ishaka, fundi rangi, nimekuwa mwanamke. Ni kila Jumanne na Alhamisi, baada ya Alasiri.

Sasa salamu. U hali gani? Ami anaendeleaje na miguu yake? Sisi huku hatujambo, na sisi maana yake mimi.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda kupaka chokaa ukumbi mpya wa hapa kwetu. Nikamkuta mwalimu Gershom, yule anayewasomesha watu wazima, akiwafanyisha watu mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Mume alikuwepo: Ngowa, kuli wa bandarini. Mke hakuna, kwani hakuna mwanamke wa Likoni atakayepanda jukwaani atazamwe. Nikacheka kule juu ya ngazi. Gershom akasema, "Wewe unayecheka, shuka." Nikashuka na brashi mkononi. Ukuta mmoja wa ukumbi haujapakwa mpaka leo.

Malipo hakuna. Lakini nikijifunga leso na kusema, "Mume wangu, umerudi?" watu wazima wananyamaza wanisikilize. Hilo halijawahi kunitokea, hata nilipokuwa bwana arusi.

Naomba ruhusa ya zile leso zako nyekundu ulizoziacha sandukuni.

Mumeo,
Faki


Vanga, 2 Agosti 1959

Mwana wa ami yangu Faki,

Barua imefika. Baba miguu imepungua kuvimba, anakusalimu. Mimi mzima.

Ruhusa umeiomba leso umeshazivaa. Mwanatatu wa chumba cha pili alikuja huku arusini, akanitangaza mbele ya wanawake: "Shoga, nimekuona uani kwetu Likoni! Umeota ndevu, lakini mwendo ni ule ule, bega la kushoto mbele!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Faki, nilipokuwa humo ndani hukunitazama. Mwendo wangu umeuona wapi?

Binti ami yako,
Mwanasaumu


Likoni, 9 Agosti 1959

Mke wangu,

Umetia sahihi "binti ami". Ni kweli, ila si kweli yote.

Mpe Ami shikamoo yangu. Mimi mzima, isipokuwa koo limekauka kwa kusema kike.

Mwendo wako niliuona siku ile ulipokuwa ukienda kupanda basi. Hukugeuka, nikapata nafasi ya kutazama.

Gershom hana kitabu cha mchezo. Anasema kila mtu alete maneno ya nyumbani kwake. Katika ugomvi wa mwisho mke anafunga mzigo wake, nami nikakosa la kusema. Ngowa, ambaye hula ugali wa kweli jukwaani, akaninong'oneza, "Sema bwana, chakula kinakwisha!" Nikasema lile lako, la siku ulipofunga wako: "Nimekupikia miaka yote hii, na hata siku moja hujaniuliza mimi nimekula nini." Ngowa akaacha kutafuna. Gershom akasema hilo libaki.

Wallahi, ndiyo mara ya kwanza nalisikia, na lilitoka kinywani mwangu.

Mchezo ni Jumamosi, tarehe 12 Septemba. Nafasi yako nitaiweka upande wa wanawake. Njoo. Ukiona vibaya, nizomee. Ukiona vizuri, usirudi Vanga.

Mumeo,
Faki


Likoni, 20 Septemba 1959

Mke wangu,

Assalaam alaykum. Ami hajambo? Hukunijibu, wala silalamiki, kwani najua kwamba ulikuja.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilipofika pale pa kufunga mzigo, maneno yakaniruka yote. Nikasimama nimeshika fundo la leso, wanaume wakaanza miluzi. Ndipo ikatoka sauti katikati ya mabuibui, ya chini, kama ya mtu anayesema na mumewe chumbani: "Nimekupikia miaka yote hii..." Haikukosa hata neno. Na mazoezini wanawake hawaji. Ni nani mwingine wa kuyajua?

Nikamaliza nikilia, watu wakadhani ni ufundi. Makofi sikuyangoja. Nilitoka mbio na leso zako na wanja wangu mpaka kituoni. Kondakta akanitazama, akasema, "Mama, la Vanga limeshaondoka."

Sikulaumu kwa kuondoka. Ulinisemea nilipokwama, na mtu asiyetaka kurudi hamsemei mwenziwe. Chumba chetu nimekipaka rangi, buluu. Kila likiingia basi la huko, naacha kazi niende kutazama wanaoshuka.

Nauliza, nami nangoja jibu: leo umekula nini?

Mumeo,
Faki


Vanga, 11 Oktoba 1959

Mwana wa ami yangu Faki,

Salamu nyingi. Baba sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake, alhamdulillahi. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Ningependa iwe kama ulivyoandika. Lakini mimi sikuja. Jumamosi ile baba alikuwa na homa, sikutoka hata uani. Sauti uliyoisikia ni ya Mwanatatu. Chumba chake na chetu vina ukuta mmoja, na ukuta ule haufiki darini.

Leso usizianike juani, zitapauka.

Binti ami yako,
Mwanasaumu

Umeuliza nimekula nini. Muhogo.