Kaka Anaziweka Kompyuta Kama Korosho

Kompyuta nimezifungua na kuzifunga tangu zikiwa kubwa kama kabati, hakuna inayonishinda. Haya, nimedanganya. Nimefungua moja tu, na haikufungika tena. Lakini ghala la korosho nimelilinda miaka ishirini, kwa hiyo barua ya msomaji wa leo naiweza.

*

Babu Fakihi, shikamoo. Nakuandikia nimesimama, maana kukaa siwezi, kila lori likipita natoka kuchungulia. Mimi na kaka yangu Aliasgar tuna duka la kompyuta hapa Lindi, na Jumamosi anakwenda Dar kununua mashine thelathini kwa mpigo, eti wakulima wakilipwa za korosho, mashine zitagombewa, na mwaka jana alifanya hivyohivyo, zikabaki kumi na moja, mara zikatoka mpya zenye kasi zaidi, zetu tukaziuza bei ya kutupa, nami nikamwambia tuagize vifaa mteja akishakuja, tuunganishe hapahapa, akanijibu, "Mteja anataka kuona kitu, Sukaina, hanunui ahadi," na kweli, masika barabara ilikatika, mwalimu Theresia wa Kilangala akasubiri kompyuta aliyoagiza wiki tano, kila akija ananiuliza, "Leo imefika wapi, inakuja kwa miguu?" Tukikosea tena safari hii, duka tunafunga. Nimwache aende?

Sukaina

*

Marahaba, mjukuu wangu. Kaa chini kwanza, lori haliongezi mwendo kwa kuchunguliwa.

Kaka yako ana ugonjwa wetu wa huku: anaweka ghalani akingoja bei ipande. Korosho inakubali. Kompyuta ni samaki wa pwani ya Sudi, asubuhi anagombewa, jioni hata paka anamkataa. Mwambie nimesema mimi, akinuna anune.

Na wewe usijione mjanja! Unangoja kila kitu kitoke Dar, hadi waya, kana kwamba masika umeyaona mwaka huu kwa mara ya kwanza. Kaka aende, lakini alete visivyochacha: makasha, kibodi, skrini, chaja. Jaza stoo. Mashine nzima tatu tu, mteja azipapase. Vya ndani vinavyopitwa upesi, hizo mnazoziita prosesa na memori, agiza mteja akishachagua. Ni vidogo, barabara ikikatika, abiria anavuka navyo mkobani, hapo ndipo kompyuta inakuja kwa miguu. Tafuta na muuzaji wa pili, wa kwanza akikwama usikwame naye. Na Theresia mtajie siku za kweli.

Duka lisifungwe, tafadhali, maana redio yangu imelala kwenye rafu yenu tangu mfungo. Aliasgar aliahidi kuitia antena, siku ile nilipomlindia duka akaenda harusini Kilwa. Akiwa Dar, asiisahau.