Datsun ya Baba na Safari za Malampaka

Bariadi,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Mashimba,

Mwangaluka, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Tunduma, wewe na wifi na watoto. Kile kifua cha mtoto wa mwisho kimepona? Huku mvua zimekuja kwa kuchelewa, ila choroko zimeota vizuri, na pamba ya shangazi Mboje kule Lagangabilili imeanza kutoa maua. Ndugu yetu Mabula naye hajambo. Biashara yake ya mchele pale Nyashimo inakwenda, na anakusalimu.

Mimi mwili ni mzima. Kwa mengine siwezi kusema hivyo, na ndiyo sababu simu zako za wiki hii nilizikata haraka. Sikuwa na wateja dukani kama nilivyokuambia. Nilikuwa nimeishiwa maneno. Yapo mambo ambayo simu haiyabebi, kaka, kwa hiyo nimemkabidhi Constantine, dereva wa lori la mchele, akuletee barua hii mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Baba anapotea. Unajua alikuwa anasahau vitu vidogo, mara kofia, mara jina la padri. Sasa anatusahau sisi. Kuna asubuhi ananisalimia kama mteja aliyekuja kununua dawa ya kupe. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa huu wa kusahau hauna kurudi nyuma, kazi yetu ni kumlinda asijidhuru. Majirani wamenishauri nimpeleke kwa mganga, wanasema amechezewa. Sijampeleka, lakini sikufichi, kuna siku nilitoka na kufika nusu ya njia.

Kitu kimoja tu hajakisahau, nacho ni Datsun. Ile 240Z yake ya rangi ya chungwa, iliyokwisha kupauka kwa jua, mikono yake inaijua kuliko inavyojua kijiko. Anavuta choki ya injini, anasubiri, anasikiliza, anagusa mafuta kidogo, inawaka. Mtu asiyekumbuka kama amekula, akikaa kwenye kiti kile mgongo unanyooka. Na akishakaa, anaondoka. Mara ya kwanza alirudi mwenyewe jioni. Mara ya pili alirudishwa na vijana wa bodaboda, waliomkuta stesheni ya Malampaka amesimama anaangalia reli. Nikaficha ufunguo. Kaka, baba alinipiga kofi. Baba yetu, ambaye hakuwahi kutuinulia mkono. Halafu akakaa chini akalia, akaniambia nimemfungia mtu njia.

Mabula alipopata habari alikuja na gari lake jipya, Toyota 86, nyekundu. Jipya kwetu, maana ni la mtumba kutoka Japani kama mengine, ila ni la miaka hii, na si ghali kama linavyoonekana. Wazo lake halikuwa baya. Alisema mzee anapenda gari la michezo, basi tumpe la michezo lenye akili: lina breki za kushika, lina mifuko ya hewa, likiteleza linajirekebisha, na likienda popote tunaliona kwenye simu. Datsun tuiuze. Alikuwa ameshampata mtu wa Arusha anayekusanya magari ya zamani, tena ameshampa neno. Mtu huyo anakuja mwisho wa mwezi huu.

Nikakubali, kaka. Nilikuwa nimechoka.

Tuliyajaribu yote mawili barabara ya kwenda Lamadi, Mabula mbele yangu kisha tukabadilishana. Wewe unajua baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa hiyo sikuwa mgeni. Datsun ina usukani mzito kama jembe kwenye mfinyanzi. Inanuka petroli, inatetemeka mpaka meno, na breki zake unazikanyaga huku unasali. Lakini kila jiwe unalolipita unalisikia kiganjani. Toyota ni kitu kingine kabisa. Umekaa chini, hewa baridi, unakata kona kwa kasi ambayo Datsun ingekutupa mtaroni, nayo imetulia tu. Niliposhuka nilimwambia Mabula wazi kwamba kwa mtu mwenye akili timamu hakuna cha kushindanisha. Ukitaka kufika salama, panda nyekundu.

Tukamkalisha baba kwenye ile nyekundu. Akatafuta tundu la ufunguo, hakuna. Mabula akambonyezea kitufe, injini ikaunguruma, baba akashtuka. Tukamwacha aende taratibu mpaka njia panda na kurudi, Mabula pembeni yake. Aliposhuka akasema, “Mwanangu, hili gari linajiendesha lenyewe. Mimi mle nafanya nini?” Akaenda kukaa ndani ya Datsun iliyozimwa, mpaka giza lilipoingia.

Wiki iliyofuata aliupata ufunguo. Mimi nilikuwa nampimia mteja dawa ya ng'ombe, nikasikia ule mngurumo nyuma ya nyumba, nikajua. Mabula alikuwa amelala ndani, ametoka Nyashimo alfajiri. Nilichukua Toyota yake bila kumwamsha nikamfuata baba.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami inang'aa. Nilimwona baada ya kupita Maswa, doa la chungwa mbele, nikasema sasa nimempata. Kwenye lami ningempata kweli. Lakini alipochepuka kushika njia ya Malampaka, pale penye matengenezo magari yanapitishwa pembeni kwenye tope, baba alipita kama mtu anayepita sebuleni kwake. Gari lilikuwa linayumba mkia huku na huku, naye analiacha liyumbe. Mimi tumbo la Toyota lilikwangua chini, nikakwama, nikasukumwa na watu wasionijua, nikakwama tena. Nilikuwa nalia kwa sauti ndani ya gari lile zuri lenye hewa baridi. Nilikuwa na hakika kwamba nitakayemkuta mbele ni maiti.

Nilimkuta stesheni. Amevaa koti lake la misa, amekaa kwenye benchi, viatu vimejaa tope. Hapakuwa na treni yoyote. Nilipokaribia aliinuka, akanishika mabega, akaniita Scola.

Kaka, mimi nimefanana na marehemu mama, unajua. Sikumsahihisha. Niliogopa asije akatawanyika mbele za watu. Akaniuliza, “Scola, mtoto amekubali maziwa ya ng'ombe?” Nikamjibu amekubali. Akashusha pumzi, akasema, “Basi tumlee. Nimekuja tena leo, hawajashuka. Ndugu zake hawaji, Scola. Nadhani hawajui hata kama amekufa.”

Nikamwuliza ni nani aliyekufa. Na hapo alinieleza, kwa utulivu, kama mtu anayesimulia jambo la asubuhi hiyo. Sasa naandika yale niliyokuwa nayakwepa tangu mstari wa kwanza. Unisamehe kwa namna yoyote nitakayoyaandika.

Wakati ule baba alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba, na Datsun ilikuwa ya tajiri wake. Alitumwa stesheni kuchukua mzigo mdogo uliokuja na treni. Akamkuta mwanamke kijana ameshuka peke yake, uchungu umemshika, watu wamemzunguka hawajui la kufanya. Baba alimpakia akakimbia naye kwenda hospitali ya Maswa. Ilikuwa masika, njia mbovu. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika, ndani ya gari, baba peke yake ndiye aliyempokea, akamfunga kwa shati lake. Mama wa mtoto alivuja damu. Alifariki taa za Maswa zikiwa zinaonekana.

Yule mtoto ni wewe, kaka.

Baba na mama walikuwa na miaka kadhaa ya ndoa bila mtoto. Baba alimrudisha marehemu Malampaka akamzika huko, ili ndugu zake wakija na treni wasihangaike kumtafuta. Wewe akakupeleka kwa mama. Tajiri hakutaka tena kupanda gari alimofia mtu, akamwuzia baba kwa bei ya kutupa. Sisi tuliambiwa alizawadiwa kwa uaminifu.

Nilitaka iwe ni ugonjwa unaosema. Nilimrudisha baba nyumbani, nikamtuma Mabula akaifuate Datsun, na kesho yake nikaenda Lagangabilili kwa shangazi Mboje. Nilipofungua mdomo tu, aliweka chini chungio la unga, akajifunika uso kwa kanga. Alisema ni kweli yote. Mama ndiye aliyewaapisha wasiseme, kwa sababu alisema mtoto aliyempakata usiku ule hakuwa wa kuokota bali wa kwake. Nikamwuliza jina la yule mwanamke na kwao. Shangazi hajui. Alisema anayejua ni baba peke yake, aliongea naye njia nzima.

Unaona nilipofika? Mtu mmoja tu duniani ndiye anayejua mama aliyekuzaa alitoka wapi, na mtu huyo kila siku anaamka amebakiwa na kidogo kuliko jana. Nilimwuliza nyumbani, mezani, kanisani. Nilimpandisha Toyota nikampeleka taratibu mpaka Malampaka nikimwuliza njiani, akawa anaangalia ile skrini ya redio kama mtoto anayeangalia televisheni. Jina sikulipata.

Ndipo nikachukua Datsun. Niliendesha mimi, yeye kiti cha pembeni. Hata Maswa hatujafika akaanza kuongea, ila si na mimi. Aliniambia nipunguze shimo linakuja, kisha akageuka akasema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia, “Vumilia, Sayi. Vumilia mama, vumilia mayu, tunakaribia.” Kaka, anaitwa Sayi. Nilimwuliza kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala: Sayi ametoka wapi, baba? Akafungua mdomo. Nadhani jina la kijiji alikuwa nalo. Lori la ng'ombe likatupigia honi, akageuka kuliangalia, jina likapotea.

Alinielekeza mpaka makaburini, nje kidogo ya Malampaka, bila kukosea kona hata moja. Kushoto, tena kushoto, simama hapa. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la mawe yaliyopangwa vizuri, yasiyo na jina. Majani yake yalikuwa yamefyekwa si zamani. Kumbe zile safari zote hakuwa akienda stesheni tu.

Kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa heshima kama mtu anayemwuliza mgeni njia. “Mayu,” akasema, “hapa amelala nani?”

Nilimwambia ni mtu wa kwetu. Akavua kofia, akasema basi tumwombee. Tukaomba.

Njoo, kaka. Sikuombi kama ninavyokuombaga kila Krismasi. Nakusihi. Mabula nimemweleza yote. Kisha amempigia yule mtu wa Arusha kumwambia gari haliuzwi mpaka wewe useme. Mtu huyo amekasirika, anasema neno ni neno, atakuja hata hivyo. Mimi nitasimama getini. Lakini kumzuia baba asisahau siwezi. Nataka ukae wewe kwenye kiti kile cha pembeni yake alichokaa Sayi, ndani ya Datsun, labda akikuona wewe hapo litamrudia jina la kijiji, au la baba yake Sayi, au chochote. Na lisiporudi, angalau awe amekuona akiwa bado anajua alikupokea kwa mikono yake.

Usiniulize kama wewe bado ni kaka yangu. Nimekasirika tayari kwa kuwaza kwamba unaweza kuuliza.

Msalimie wifi, umweleze taratibu. Watoto wabusu wote, mwambie yule mdogo shangazi yake anamwekea karanga. Shangazi Mboje anakusalimu, anasema umsamehe. Baba yuko nje sasa hivi, anafuta kioo cha Datsun kwa shati lake. Nimemwuliza kama ana salamu kwa Mashimba. Amefikiri sana, kisha amesema nikwambie njia ina utelezi, uje polepole. Mimi nakwambia uje haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Nyamizi Maganga